Nani Huupangia Mwili Ratiba? Mchakamchaka, Pushapu na Historia ya Mazoezi Ngara na Biharamulo

Katika kampeni za uchaguzi mkuu wa mwaka 2015, mgombea urais wa Chama Cha Mapinduzi aliinama jukwaani mbele ya umati, akaweka viganja sakafuni, akapiga pushapu. Watu walishangilia, na picha zikaenea nchi nzima. John Pombe Magufuli alikuwa mtoto wa Chato, eneo ambalo kwa sehemu kubwa ya maisha yake lilikuwa ndani ya Wilaya ya Biharamulo. Aliingia bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1995 akiwakilisha jimbo la Biharamulo Mashariki. Mshindani wake mkuu mwaka ule wa 2015, Edward Lowassa, alikuwa akiandamwa na maneno ya mitaani kuhusu afya yake. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa maana ya pushapu zile.

Tarehe 17 Machi 2021 taifa lilitangaziwa kwamba Rais Magufuli amefariki dunia kwa maradhi ya moyo ambayo, kwa maelezo ya serikali, alikuwa ameishi nayo kwa zaidi ya miaka kumi. Sitaji jambo hili kwa kebehi, marehemu husitiriwa. Nalitaja kwa sababu linatuonyesha kwamba mazoezi yale ya jukwaani hayakuwa mazoezi kwa maana anayoikusudia daktari. Yalikuwa tamko. Mwili ulitumika kama cheti cha uwezo wa kutawala, na sisi wananchi tukakipokea cheti hicho bila kuuliza ni mhuri gani umekigonga.

Kilichonisukuma kuandika leo ni swali la mwanafunzi wangu mmoja, mtumishi wa halmashauri aliyepangiwa kazi Ngara. Alitaka kujua namna ya kupanga mazoezi ya mwili katika chumba cha kupanga, bila chuma, bila mashine, bila kiwanja. Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitano. Nilipoanza kuandika nikagundua kwamba kila zoezi nililotaka kumtajia, yeye na mimi tulikuwa tumelijua kwanza kama amri au kama adhabu. Historia hiyo inaeleza, kuliko uvivu unavyoeleza, kwa nini wasomi wengi wa nchi hii huacha mazoezi siku ileile wanapotoka mikononi mwa mtu wa kuwaamrisha.

Tuanze na neno lenyewe. Zoezi linatokana na kuzoea. Kwa Kiswahili chetu, kufanya mazoezi ni kuuzoesha mwili jambo fulani mpaka lisiwe geni kwake tena. Lakini maneno yanayoambatana nalo katika maisha ya shule na kambi, kama kwata, gwaride na pushapu, yalikuja na askari. Ndani ya msamiati wetu, basi, kuna fikra mbili zinazokaa chumba kimoja: mazoea na amri.

Kabla ya boma la Wajerumani kujengwa Biharamulo, hapakuwa na mtu aliyetenga saa moja ya siku kwa ajili ya kukunja na kukunjua viungo. Hilo halimaanishi kwamba mwili haukufunzwa. Bugufi, ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ilikuwa na uhusiano wa karibu na ufalme wa Burundi kabla mpaka wa kikoloni haujachorwa, na Kihangaza mpaka leo husikilizana na Kirundi. Katika utamaduni huo mpana wa nchi ya milima, vijana walifunzwa kuruka, kukimbia na kucheza ngoma zenye kuhitaji pumzi na mapaja yenye nguvu. Upande wa Rwanda palikuwa na mashindano ya kuruka juu ambayo wenyewe waliyaita gusimbuka. Mwaka 1907 Mtawala Adolf Friedrich wa Mecklenburg, Mjerumani aliyeingia nchi ile akitokea Bukoba, alishuhudia mashindano hayo katika himaya ya Mwami Musinga, na ikapigwa picha iliyozunguka dunia: kijana yuko hewani juu ya kamba, na Wazungu wamesimama chini yake. Iliandikwa kwamba warukaji bora walifika takribani mita mbili na nusu. Wasomaji wachache wa Ulaya walijali kwamba warukaji wale waliruka wakijirusha kutoka kwenye kijiinuko, na kwamba hesabu ile haiwezi kulinganishwa na ya uwanja wa Olimpiki.

Tatizo halikuwa picha. Tatizo lilikuwa kilichofanywa na vipimo. Urefu wa mtu, umbo la pua na uwezo wa kuruka viligeuzwa kuwa ushahidi kwamba Watutsi ni watu wa asili nyingine, waliozaliwa kutawala. Wabelgiji walipokuja kutoa vitambulisho vya kabila katika miaka ya 1930, nadharia hiyo ikawa karatasi mfukoni mwa kila mtu mzima. Tarehe 28 Aprili 1994, katika daraja la Rusumo, Ngara iliona mwisho mmojawapo wa barabara hiyo: takribani watu 250,000 walivuka kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wengi wao kwa miguu, wakiwa na mizigo vichwani na watoto migongoni. Benaco, mahali ambapo palikuwa pori na kituo cha barabara, pakawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani kwa wakati huo. Anayetaka kuzungumzia uwezo wa mwili wa binadamu asiiruke siku hiyo. Mtoto wa miaka saba aliyetembea siku kadhaa bila chakula cha kutosha hakuwa amepangiwa ratiba na mtu yeyote.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu mazoezi tunayoyafahamu shuleni yana ukoo wake Ulaya, na ukoo huo ni wa kijeshi. Mwaka 1811 Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi Hasenheide, Berlin, baada ya Prussia kupigwa na Napoleon. Alitaka vijana wawe tayari kwa vita vya ukombozi. Miaka miwili baadaye Pehr Henrik Ling alianzisha chuo chake Stockholm, na kutoka hapo ukaenea mtindo wa kusimama katika mistari, kunyoosha mikono, kuchuchumaa na kuinuka kwa hesabu, pasipo kifaa chochote. Waingereza waliuchukua mtindo huo, wakauchanganya na wao wa jeshi, na mwongozo wao wa mazoezi ya shule wa mwaka 1933 ulitumika katika shule nyingi za makoloni. Ulipendwa kwa sababu moja rahisi: haukuhitaji fedha. Mwalimu mmoja mwenye filimbi aliweza kuwasogeza watoto mia moja kwenye kiwanja cha vumbi.

Wakati huohuo, wanaume wa Bugufi walikuwa wakifanya safari ya miguu kwenda Buganda kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa, ili walipe kodi na kununua nguo. Safari ile ilikuwa ya mamia ya kilomita. Mkoloni aliyeona miili yao ikirudi imekonda aliandika kuhusu uhaba wa nguvukazi. Mtoto wa mmoja wao, kama alibahatika kuwa darasani, aliinua mikono juu na kuishusha kwa hesabu ya Kiingereza. Nadhani kejeli hii haikuwapita wazee wetu.

Uhuru ulipokuja, haukuivunja nidhamu ya mistari. Uliipa madhumuni mapya. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa watu wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ilitaka wasomi walioelimishwa kwa jasho la wakulima wapitie huko kwa lazima, wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana mwezi Oktoba, na Mwalimu Nyerere akawarudisha nyumbani karibu 400. Wengi hukumbuka mgogoro ule kama ugomvi wa mishahara, na ulikuwa hivyo kweli. Lakini ulikuwa pia ugomvi kuhusu mwili: je, mwili wa msomi unaweza kuamshwa alfajiri na kutumwa shambani kama mwili wa mtoto wa mkulima? Jibu la Mwalimu lilikuwa ndiyo, na mimi, pamoja na kasoro zote za utekelezaji, bado naona alikuwa na hoja.

Mwaka 1971, baada ya uvamizi wa Guinea na mapinduzi ya Idi Amin Uganda, Mwongozo wa TANU uliagiza wananchi wafunzwe ulinzi, na mgambo ukaenea vijijini. Mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi wakati huo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipovamia ardhi ya kaskazini mwa mto Kagera, mafunzo yale yalipata maana ambayo hakuna mtu angeweza kuyakebehi tena. Vita havikupiganwa Ngara wala Biharamulo, lakini mkoa mzima ulikuwa ukingoni, na baada ya vita mwaka 1979 ukapewa jina la mto uleule.

Hapo ndipo mchakamchaka ulipokita mizizi katika kumbukumbu ya kizazi changu. Alfajiri, kabla ya umande kukauka, shule nzima inakimbia katika mistari, kiongozi anaimba, wengine wanaitikia, miguu inapiga ardhi kwa pamoja. Nyimbo nyingi zilikuwa za vita na za siasa. Kitaalamu, mchakamchaka ulikuwa zoezi zuri kuliko tunavyoukumbuka. Wimbo ulidhibiti pumzi: anayeweza kuimba akikimbia hajazidisha mwendo, na hicho ndicho kipimo ambacho wataalamu wa leo huwapa watu wasio na saa za kupima mapigo ya moyo. Kundi lilimbeba mnyonge. Haukuhitaji viatu, ingawa ningependa tungekuwa navyo.

Lakini pembeni ya mchakamchaka palikuwa na kichurachura. Katika shule niliyosoma, aliyechelewa mstarini aliruka kichura kuzunguka kiwanja akiwa ameshika masikio. Kijana mmoja wa darasa letu alikuwa na goti bovu tangu utotoni. Aliruka kama sisi, akaanguka, akaambiwa aanze upya. Hakuna aliyepinga, mimi nikiwemo. Pushapu zilikuwa za waliopiga kelele, kuchuchumaa kulikuwa kwa walioshindwa kujibu. Kila zoezi lilipata kosa lake, kama vile sheria ya adhabu inavyopanga vifungu.

Madhara yake ninayaona darasani hadi leo. Mwaka fulani niliwaambia wanafunzi wangu, watu wazima wenye vyeo, wasimame kidogo, wachuchumae na kuinuka mara kumi ili usingizi wa mchana uwatoke. Mmoja akauliza, “Mwalimu, tumekosa nini?” Tulicheka sana. Nilipofika nyumbani sikucheka tena.

Nidhamu ya mistari ina upande mwingine ambao mtu wa Ngara anaufahamu vizuri kuliko mtu wa Dodoma. Katika wilaya ya mpakani, vijana wanaokimbia alfajiri kwa mpangilio si jambo la kawaida la kimichezo. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wakati kambi kama Lukole zilipokuwa na Warundi wengi, madai kwamba waasi walikuwa wakifunzwa katika kambi za wakimbizi yaliharibu uhusiano kati ya Bujumbura na Dar es Salaam. Kijana mkimbizi aliyetaka tu kunyoosha viungo alipaswa kufikiri mara mbili kuhusu nani anamtazama. Na kusini kidogo, Kasulu, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012, kisha eneo lake likawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mahali palepale ambapo mwili ulikatazwa kutoka nje ya uzio, leo mwili mwingine unaamshwa kwa filimbi. JKT ya lazima, iliyositishwa mwaka 1994, ilirudishwa mwaka 2013.

Amri ya karibuni zaidi ilikuwa ya upole. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, kwa hofu ya kuongezeka kwa magonjwa yasiyo ya kuambukiza. Hofu hiyo ilikuwa na msingi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu. Ndugu watumishi, mnajua kilichofuata. Miezi ya mwanzo viwanja vilijaa fulana, wakuu wa wilaya walikimbia mbele, wapiga picha walikimbia nyuma. Kisha mahudhurio yakafuata uwepo wa kiongozi. Sishangai. Siku moja kwa mwezi si mazoea kwa hesabu yoyote, ni gwaride. Nia ilikuwa njema, na chombo kilichotumika kilikuwa kilekile cha zamani.

Sasa nimjibu mwanafunzi wangu, na wengine walio katika hali yake kuanzia Nyakanazi hadi Kabanga.

Kwanza, ajiulize kama anahitaji. Mama anayelima mteremko wa Rulenge kwa jembe la mkono, akapanda na ndoo ya maji kichwani, hana upungufu wa mazoezi. Ana upungufu wa mapumziko, na pengine wa protini. Tusimpelekee semina. Ratiba hii ni ya anayekaa kitini saa nane na kupanda bodaboda kwenda sokoni. Kwa huyo, Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2020 linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Nusu ya kwanza ya agizo hilo Ngara inaitoa bure: miinuko yake inatosha. Ashuke bodaboda mapema, apande kilima kwa miguu kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini usiomruhusu kuimba kwa raha.

Nusu ya pili ndiyo inayohitaji kupangwa. Achague siku tatu zisizofuatana, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na saa ambayo tayari ina jambo lake la kudumu, kama kabla ya kuoga asubuhi. Zoezi jipya hushika haraka likifungwa kwenye desturi ya zamani. Mienendo minne inatosha kuanzia. Kusukuma: asianze na pushapu za sakafuni, aanze kwa kuegemeza viganja ukutani, baada ya wiki kadhaa ahamie kwenye meza imara, kisha kitanda, ndipo sakafu. Kuchuchumaa na kuinuka: akalie kiti na kusimama bila kushika kitu, na kiti kiondolewe baadaye. Kuinua nyonga akiwa amelala chali, magoti yamekunjwa, kwa ajili ya mgongo ulioharibiwa na viti vya ofisi. Na kukaza kiwiliwili: alalie viwiko na ncha za vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, kwa sekunde kumi na tano tu mwanzoni. Kuvuta ndiko kugumu bila kifaa. Mwenye mwembe wenye tawi imara uani ana bahati, asiye nao asivunje ratiba kwa sababu hiyo.

Kila mwendo aufanye mara nane hadi kumi na mbili, na aache akiwa bado anaweza kufanya mara mbili zaidi. Hapa ndipo ratiba ya mtu huru inapotofautiana na ya kambini. Afande huhesabu kwa ajili ya kundi, na hesabu yake haijui goti la nani ni bovu. Kuanguka kwako ndiko kunakomwonyesha kwamba umefika mwisho. Ukijipangia mwenyewe, mwisho unaujua kabla ya kuanguka. Wiki mbili za kwanza mzunguko mmoja unatosha, wiki mbili zinazofuata miwili, kisha mitatu. Ni dakika ishirini. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua aonane na mganga kwanza, na asione aibu: tumeona kwamba nguvu za nje hazisemi yote kuhusu moyo.

Akikosa siku, asijilipize kwa kufanya mara mbili kesho yake. Hiyo ni kichurachura inayorudi kupitia mlango wa nyuma.

Kitu kimoja cha mchakamchaka ningependa akihifadhi, nacho ni kundi. Si kundi la kuorodheshwa na afisa utumishi. Watu wawili au watatu wa ofisi moja wanaotoka pamoja saa kumi na nusu kupanda kilima wakisimuliana habari. Wakitaka kuimba, waimbe.

Likizo inakaribia. Wanafunzi wangu mnaokwenda Ngara na Biharamulo, nawaomba muwaulize wazazi na babu zenu waliosoma huko katika miaka ya 1970: mlikimbia umbali gani, kutoka wapi hadi wapi? Nani aliyeanzisha wimbo, na nyimbo gani zilikuwa za Kihangaza, Kishubi au Kizinza badala ya Kiswahili? Wasichana walikimbia mstari uleule na wavulana? Na mtoto aliyekuwa na pumu alifanywa nini? Andikeni majibu kwa maneno yao wenyewe, pamoja na jina la kijiji na mwaka kama wanaukumbuka.